Darubini, hadubini na swali la penseli

Faili langu la kupandishwa cheo chuoni lilirudi mezani kwangu likiwa na alama ya kuuliza ya penseli. Ilikuwa pembeni mwa ukurasa wa tano, pale orodha ya machapisho yangu inapoacha habari za galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, na kuanza habari za vimelea vya malaria. Chini yake, kwa mwandiko mdogo wa mtu mwenye subira, yaliandikwa maneno manne: "Huyu ni mtu mmoja?"

Nimekaa na swali hilo wiki mbili sasa. Aliyeliandika simjui na simlaumu. Ameisoma orodha ile kuliko wengi walioishika, maana wengi huhesabu tu. Na kweli, ukiitazama juujuu, yale machapisho 19 ni ya watu wawili: 11 ya elimu ya anga, 8 ya uoni wa kompyuta, yaani taaluma ya kuifundisha mashine isome picha. Majarida ni mengine, makongamano ni mengine, waandishi wenza ni wengine. Hata jina la mwandishi ni jingine.

Hilo la jina nilimalize kwanza, kwa sababu limenigharimu na linaweza kumgharimu mtu mwingine. Kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, watoto wa tumbo moja hawana jina moja la kugawana. Kila mmoja hupewa lake la Kilugbara, kufuatana na yaliyokuwa yakiipata nyumba alipozaliwa, kisha hufuata la ubatizo. Shuleni tuliandika la Kilugbara kwanza. Jarida la kwanza kunichapisha likachukua la mwisho, la ubatizo, likalifanya jina la ukoo. Miaka mitatu baadaye nikajaza fomu ya kongamano na kugeuza mpangilio, ili jina la nyumbani lisipotee. Sasa wanaanga, yaani wataalamu wa elimu ya anga, wa dunia nzima hutafutana ndani ya Astrophysics Data System, hazina ya machapisho inayotunzwa na watu wa Harvard na Smithsonian, na humo mtu hutafutwa kwa jina la mwisho na herufi ya kwanza ya jina jingine. Nikapasuka vipande viwili.

Wenye kujua kipimo cha h wataelewa hasara yake. Mwanafizikia Jorge Hirsch alikipendekeza mwaka 2005: mwenye h ya 7 ana makala 7 ambazo kila moja imetajwa na wengine angalau mara 7. Ukimkata mtu vipande, h hazijumlishwi. Mwanaanga wangu alikuwa na 5, mwenzake wa kompyuta alikuwa na 4, na wote wawili wakaonekana wafupi. Dawa ipo tangu mwaka 2012: namba ya ORCID, tarakimu 16, inayomfuata mtafiti popote jina lake linapopindishwa. Rekodi zangu nimeziunganisha jioni moja. Wewe unayetaka kuanza kuchapisha ukiwa Gulu, Soroti au Mbarara, jiandikishe kabla ya makala ya kwanza. Ni bure.

Lakini mwenye penseli hakuuliza habari ya jina peke yake. Alitaka kujua mtu wa galaksi anatafuta nini kwenye damu. Kisanduku cha fomu hakina nafasi ya jibu hilo, ndiyo maana ninaliandika hapa.

Mimi nilianza na ukuta wa duka. Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa juu ya Pakwach. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya fizikia, nikapanda basi na wenzangu kwenda kuona. Baba, aliyetumika jeshini na kutulea kambini kwa Kiswahili, alinipa nauli akaniambia nikaone kwa macho yangu na yake. Giza kamili halikufika nusu dakika, saa kumi na moja na ushei jioni, na umati ulipiga ukelele ambao sijausikia tena mahali popote. Kilichonishika mimi kilitokea kabla ya giza. Nyuma yetu palikuwa na duka chini ya mwembe. Kwenye ukuta wake uliopakwa chokaa, mwanga uliopenya kati ya majani ulikuwa umechora mamia ya hilali, zote zimelalia upande mmoja. Kila tundu kati ya majani lilikuwa kamera. Kila tundu lilikuwa linapiga picha ya jua lililomegwa, na lilikuwa likifanya kazi hiyo kila siku ya Mungu, ila siku nyingine jua ni duara na hakuna anayeshangaa kuona madoa ya duara chini ya mti. Niliutazama ukuta ule mpaka mwenzangu akanivuta mkono.

Tangu siku hiyo sijaichukua picha yoyote kama dirisha. Picha hufanywa na tundu, kioo, vumbi na mwanga kwa pamoja, na kazi yote ni kujua kipi kimetoka kwenye jua na kipi kimetoka kwenye jani.

Darubini ya utafiti sikuwahi kuwa nayo karibu. Nilikuwa na kompyuta ya mkononi, bando la usiku, na picha za Sloan Digital Sky Survey, zilizopigwa na darubini yenye kioo cha mita 2.5 huko Apache Point, New Mexico, na kuachiwa mtu yeyote azichukue. Machapisho yangu ya mwanzo yanahusu maumbo ya galaksi: zenye mikono ya kujizungusha, zenye umbo la yai, zilizogongana. Wakubwa wetu katika kazi hii walianza kwa macho. Kevin Schawinski, akiwa mwanafunzi Oxford, alipitia galaksi 50,000 mwenyewe, moja baada ya nyingine. Kisha mwaka 2007 yeye na wenzake, akiwemo Chris Lintott, wakafungua Galaxy Zoo na kuwaomba watu wa kawaida wasaidie kuainisha karibu galaksi milioni moja. Watu wakaja kwa maelfu.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia maishani mwangu, na iliingia kwa mlango wa anga. Mwaka 2015 Sander Dieleman wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, ambaye si mwanaanga, alichapisha pamoja na wenzake, akiwemo mwanaanga Kyle Willett, makala kwenye Monthly Notices, jarida lililoanza mwaka 1827, kuhusu mtandao wa nyuroni, yaani programu inayojifunza kwa mifano, unaotabiri majibu ya wale watu wa Galaxy Zoo. Kiini chake nilikielewa nikiwa kwenye foleni ya benki, nikacheka kwa furaha: galaksi haina juu wala chini. Picha ya paka ukiigeuza kichwa chini ni paka aliyegeuzwa. Galaksi ukiigeuza ni galaksi ileile, kwa hiyo mashine ioneshwe kila galaksi ikiwa imezungushwa hivi na vile, ijue kwamba kuzunguka hakubadilishi kitu. Miaka miwili baadaye nilikuwa nimeinamia lenzi ya hadubini nikakumbuka sentensi hiyo, kwa sababu tone la damu nalo halina juu wala chini.

Nilimpeleka mtoto wa dada yangu kituo cha afya, ana homa. Mtaalamu wa maabara alikuwa mama wa mtu tuliyesoma naye, amefanya kazi kwenye chumba kile zaidi ya miaka ishirini. Aliniona nachungulia, akasogea, akaniambia, "Tazama, mwanangu." Niliweka jicho. Ilikuwa slaidi ya tone nene, imepakwa rangi ya Giemsa, lenzi imezama kwenye mafuta. Chembe nyeupe za damu zilikuwa mabonge ya zambarau. Katikati yake kulikuwa na vidoa vingi, vingine vyekundu vyenye ukingo wa samawati, vingine vyeusi vyeusi tu.

"Hiki?"

"Hiyo ni rangi iliyoganda."

"Na hiki?"

"Hicho ndicho chenyewe."

Moyo ulinienda mbio. Nilikuwa natazama uga wa nyota. Wale wasiofanya kazi hii wanisamehe, lakini sina namna nyingine ya kulisema. Kwenye picha ya anga nako kuna vidoa maelfu, na vingi si nyota: kuna miale ya kosmiki, yaani chembe za kasi kutoka angani, iliyogonga kamera, kuna pikseli mbovu, kuna zile chenga ambazo kila mwenye televisheni ya zamani anazijua. Nyota haijitambulishi kwa kung'aa. Inajitambulisha kwa umbo, kwa sababu kila nukta ya mwanga ikipita kwenye lenzi hutawanyika kidogo, kwa kiasi kilekile, na hakuna kitu kilichopita kwenye lenzi kinachoweza kuwa chembamba kuliko lenzi inavyoruhusu. Kidoa kikali kupita kiasi hakikupita kwenye lenzi. Yule mama alikuwa akifanya hesabu hiyo kwa jicho, siku nzima, bila kuiita hesabu: anahesabu vimelea mpaka afikishe chembe nyeupe 200, kisha kwa kuchukulia kwamba mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000, anamwandikia daktari kiasi cha vimelea.

Ukiwa na mgonjwa mmoja hesabu hiyo ni ya dakika chache. Asubuhi ile benchi la nje lilikuwa limejaa mpaka watu wamekaa chini.

Nikarudi baada ya mwezi nikiwa na ruhusa ya wilaya, simu, na kishikio cha kuifunga simu kwenye jicho la hadubini. Kufikia hapo wenzetu wa Makerere walikuwa wameshapita njia hiyo. Maabara yao ya akili mnemba ilichapisha mwaka 2016 kazi ya kutambua vimelea vya malaria, vijidudu vya kifua kikuu na mayai ya minyoo kwa picha za hadubini. Niliisoma mara nyingi. Kilichonisumbua mimi kilikuwa kidogo zaidi: kwenye picha zetu, mashine ilikuwa inaona vimelea katikati ya picha na kuvikosa pembeni.

Mwanaanga yeyote angejua pa kutazama. Sisi kabla ya usiku kuingia huielekeza darubini kwenye anga la mashariki lisilo na kitu, tukapiga picha ya weupe mtupu. Tunaiita flati. Ina makosa ya chombo na haina kitu kingine: pembe zilizofifia, vivuli vya vumbi, pikseli zivivu. Ukiigawa picha ya nyota kwa flati, makosa hayo yanafutika, unabaki na anga. Basi nikamwomba yule mama slaidi tupu.

"Tupu kabisa?"

"Tupu kabisa, mama. Mafuta tu."

Akanitazama kwa muda. "Mwanangu, watu huja hapa kutafuta ugonjwa. Wewe unatafuta nini mahali pasipo na kitu?"

Nilipiga picha 20 za slaidi ile tupu nikazichanganya kuwa moja, tukaitazama pamoja kwenye kompyuta. Katikati paling'aa. Pembe zote nne zilikuwa na giza. Upande wa kushoto palikuwa na vivuli vitatu vya vumbi, na kutoka juu ulishuka mstari mwembamba uliopinda kama unywele. Aliunyooshea kidole.

"Kumbe huu haukuwa wa mgonjwa," akasema. "Miaka yote nauona."

Makala niliyoandika kuhusu slaidi hiyo ni namba 12 kwenye orodha yangu. Ina kurasa sita. Jarida la anga liliirudisha likisema si anga. Kongamano la kompyuta liliirudisha likisema hakuna jipya, na kwao kweli si jipya. Kugawa picha kwa flati ni jambo la zamani kwa wote wawili, ila hakuna aliyekuwa amelifanya pale, kwa simu ile, kwenye kituo kile. Mwishowe ilichapishwa kwenye semina ndogo iliyoambatana na kongamano. Kwenye jedwali la alama za kupandishwa cheo, semina haina alama.

Hapa nina neno la kusema, na ninalisema kwa heshima. Jedwali hilo limeandikwa na watu wa majarida. Kwenye anga, kazi huishi kwenye jarida, na kongamano ni mahali pa kuongelea mambo ambayo bado yanaiva. Kwenye uoni wa kompyuta mambo ni kinyume: makala bora za mwaka huenda CVPR, kongamano lililoanza mwaka 1983, na wahakiki wake husoma bila kujua mwandishi ni nani. Makala yangu moja iliyonipa kazi kuliko zote ilipita mlango kama huo, ikapewa nusu alama kwa sababu haina namba ya juzuu. Nao mpangilio wa majina ya waandishi ni lugha inayotofautiana. Kwenye kompyuta mkubwa wa maabara hukaa mwisho. Kwenye miradi mikubwa ya anga majina hupangwa kialfabeti, na makala ya mwaka 2017 kuhusu kugongana kwa nyota mbili za nyutroni ina waandishi zaidi ya 3,000. Ukisoma orodha ya mtu bila kujua kila mstari umeandikwa kwa lugha gani, utamhukumu vibaya.

Na si mimi niliyeianza njia hii. Ninayependa kuwasimulia wanafunzi wangu ni habari ya papa potwe, yule samaki mkubwa mwenye madoadoa anayeonekana Mafia, Tanzania, kila msimu. Watafiti walitaka kumtambua kila potwe bila kumtoboa wala kumfunga kitambulisho. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, mtaalamu wa fizikia ya anga, pamoja na Jason Holmberg wa programu za kompyuta na Brad Norman wa viumbe wa bahari, walichapisha kwenye Journal of Applied Ecology njia ya kumtambua kwa madoa ya ubavuni, nyuma ya matamvua. Njia yenyewe waliichukua kwa Edward Groth, aliyeiandika mwaka 1986 kwa ajili ya nyota: chukua vidoa vitatu, vifanye pembetatu, linganisha uwiano wa pande zake. Picha ikipigwa kwa mbali au karibu, ikigeuzwa hivi au vile, uwiano unabaki uleule. Orodha mbili za nyota zikifanana kwa pembetatu zake, basi ni kipande kimoja cha anga. Mbavu mbili zikifanana, ni samaki mmoja. Kila nikifika hapo darasani, kunakuwa kimya kidogo, halafu mtu wa nyuma huuliza kama itafaa kwa chui. Huyo ndiye ninayemtafuta.

Safari huenda pande zote mbili. Mwaka 2010 Dustin Lang, mtu wa sayansi ya kompyuta kutoka Toronto, na kundi lake lenye mwanaanga David Hogg, walieleza Astrometry.net: unaipa picha yoyote ya anga, inatafuta nyota nne nne, inakwambia picha ilielekezwa wapi. Mbinu ya kuhifadhi maumbo hayo kwenye faharasa walirithi kwa watu wa uoni wa kompyuta. Na kabla ya ile picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87 iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, Katie Bouman alikuwa ameshachapisha njia ya kujenga picha za namna hiyo, na aliichapisha wapi? CVPR ya mwaka 2016.

Jambo la mwisho nililobeba kutoka galaksi ni heshima kwa mabishano. Galaxy Zoo haikuandika tu "hii ni ya mikono". Iliweka ni sehemu gani ya watu walisema hivyo. Asilimia 60 ya kura ni habari tofauti na asilimia 98. Kwenye slaidi zetu wahesabuji wawili walipotofautiana, desturi ilikuwa kumwita wa tatu na kuandika jibu moja. Tuliacha desturi hiyo, tukaifundisha mashine kwa kura zenyewe, nayo ikajifunza kusita mahali ambapo binadamu husita. Baadaye nilijaribu vilevile kwenye picha za majani ya mihogo zilizokusanywa mashambani mwa Uganda na kuainishwa na wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge, zile 21,367 zilizowekwa wazi pamoja na watu wa Makerere. Haikufanikiwa sana. Jani moja linaweza kuwa na batobato na michirizi ya kahawia kwa pamoja, na lebo iliruhusu ugonjwa mmoja tu. Nayo hiyo niliichapisha, ni namba 17.

Juzi nimelirudisha faili kwa mwenye penseli. Chini ya swali lake nimeandika "Ndiyo," nikaambatanisha kurasa tatu zinazoeleza kila chapisho lilizaa lipi lililofuata, kuanzia ukuta wa duka la Pakwach. Machapisho yote 19 sasa yako chini ya namba moja ya ORCID, kwa mfuatano wa miaka, ya anga na ya damu yamechanganyika, na namba 12 iko katikati yao.

Jana usiku, nikiwa bado nazipitia, ujumbe uliingia kwenye simu. "Dokta, habari za siku. Wamebadilisha taa ya hadubini, hii mpya ni nyeupe sana. Picha zako za zamani bado zitafaa?"

Hazitafaa. Taa mpya, flati mpya. Nimemjibu kwamba nakuja Alhamisi na basi la asubuhi.

"Basi," akaandika, "slaidi yako tupu naiosha leo."